Kabla ya Kulilipia Gari: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Malindi

Malindi haina upungufu wa mafundi, lakini yadi kubwa za magari ya mtumba ziko Mombasa, karibu na bandari yanakoteremshwa. Kwa hivyo mkazi wa Malindi, Watamu au Mambrui anayetafuta gari aghalabu husafiri kilomita zipatazo 120, akalitazama kwa saa moja au mbili, akalipa, kisha akarudi nalo kwa njia ya Kilifi. Kasoro ikijitokeza wiki ya pili, umbali huo humwelemea yeye peke yake: simu haipokewi, na gharama ya kulirudisha gari Mombasa kwa bredauni hakuna muuzaji atakayejitolea kuibeba. Ndiyo maana nashikilia kwamba nguvu ya mnunuzi wa huku kwetu iko kabla ya fedha kumtoka mkononi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu saa hizo chache.

Karatasi kabla ya safari

Usipande matatu kwenda Mombasa kabla ya kutumiwa nambari ya usajili na picha ya nambari ya chesisi. Kwa nambari ya usajili unaweza kuomba rekodi za gari kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kwenye huduma za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na kwa ada ndogo utaona jina la mmiliki, mwaka wa kutengenezwa, rangi na nambari za chesisi na injini. Jina la mmiliki lisipolingana na la anayeuza, aeleze kwa maandishi anauza kwa idhini ya nani. Ukikuta jina la benki limeandikwa pamoja na la mmiliki, elewa kwamba gari bado liko chini ya mkopo, na ahadi ya kwamba deni litalipwa kwa fedha zako usiikubali hata kidogo; benki iandike kwanza kwamba imeliachilia. Kuna pia mikopo midogo inayotolewa kwa dhamana ya gari bila jina la mkopeshaji kuonekana kwenye hati ya umiliki, na hiyo hutafutwa katika rejista ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2017, ambayo nayo hupatikana kupitia eCitizen.

Gari ambalo ndiyo kwanza limeshushwa melini lina karatasi zake. Sheria za Kenya hazikubali gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa upande wa kushoto, na ni lazima liwe limekaguliwa katika nchi linakotoka kabla ya kupakiwa. Dai cheti cha kusafirishia kutoka Japani pamoja na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari iliyoandikwa lilipouzwa mnadani huko. Hii ya pili wauzaji wengi huiona kuwa ni ya kwao wenyewe, nami nasema ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote baada ya hati ya umiliki. Alama ya 4 au 4.5 huashiria gari lililo katika hali nzuri, 3.5 huashiria lenye mikwaruzo na mabonde zaidi, na herufi R au RA humaanisha kwamba liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki na mawimbi, na XX ni bati lililobadilishwa. Kwa mtu wa pwani herufi za kutafuta ni S na C: S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kulila bati. Katika maeneo ya Japani yenye theluji nyingi, kama Hokkaido, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, nayo hurukia chini ya gari na kukaa humo. Gari la namna hiyo likija kuishi Malindi linatoka kwenye chumvi na kuingia kwenye chumvi.

Ukifika yadini, jambo la kwanza ni kulinganisha nambari ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye karatasi. Nambari za magari mengi ya soko la Japani huanza na herufi na tarakimu za aina ya gari, kwa mfano NZE141, ndipo hufuata nambari ya gari lenyewe. Tarakimu ziwe na nafasi sawa na kina sawa, na pembeni yake pasionekane dalili ya kuchomelewa.

Gari liwe baridi, na fundi awe wako

Mwombe muuzaji asiliwashe gari siku hiyo kabla hujafika, kisha ufikapo weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, gari limepashwa, na mara nyingi hupashwa kwa sababu linasumbua kuwaka likiwa baridi au hutoa moshi mwanzoni. Nenda na fundi unayemlipa wewe, umlipie nauli, chakula na siku yake. Fundi anayependekezwa na yadi hata awe hodari vipi, riziki yake iko kwa aliyempendekeza.

Injini ikiwa baridi, na wakati huo tu, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, kijani au nyekundu au samawati, na yasielee mafuta. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kwamba rejeta imekuwa ikijazwa maji ya mfereji au, kwa huku kwetu, maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi na chokaa ya matumbawe inayoziba vijia vya rejeta. Fungua pia kifuniko cha oili: utando mzito wenye rangi ya maziwa, hasa ukionekana pia kwenye kijiti cha kupimia oili, ni dalili ya maji kuingia kwenye oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi ndiyo imekwisha. Baada ya kuliwasha, tazama nyuma. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo nusu tu na utazame dashibodi. Taa ya injini, ya mifuko ya hewa, ya breki na ya oili lazima ziwake zote, halafu zizimike baada ya injini kuunguruma au sekunde chache baadaye. Taa ya injini isiyowaka kabisa katika hatua hii inatia shaka kuliko inayowaka na kubaki, kwa kuwa huenda imeondolewa ili kasoro isionekane. Fundi mwenye mashine ya kupima kompyuta ya gari asiishie kusoma makosa yaliyohifadhiwa. Atazame pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta hiyo yamekamilika. Makosa yakifutwa asubuhi, majaribio hayo husomeka kuwa hayajakamilika, kwa sababu gari huhitaji kuendeshwa kwa muda kabla ya kujipima upya.

Halafu liingizwe kwenye shimo la gereji au lipandishwe juu. Muuzaji akikataa hili, safari imekwisha. Agana naye kwa heshima na uondoke. Chini ya gari ndiko mnunuzi wa pwani anakopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Rangi nyeusi mpya iliyopuliziwa chini ya gari la miaka saba isikupendeze. Chukua mpini wa bisibisi, gonga taratibu kwenye mihimili ya chesisi na kando ya matundu ya magurudumu: chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilicholiwa hutoa sauti butu, pengine kikamwaga vumbi la hudhurungi viganjani mwako. Fuata mabomba ya breki kwa kidole tangu mbele hadi nyuma, kwa kuwa ni membamba na kutu ikiyatoboa breki hupotea ghafla. Juu ya bodi, pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa chembamba: pale inapokataa kushika bati la chuma, pamejazwa puti chini ya rangi.

Mafuriko nayo yasisahauliwe. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za pwani na Tana River, na gari lililozama huweza kuoshwa likang'aa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake wote, uangalie ile sehemu ambayo kwa kawaida hubaki imejikunja ndani. Mwoshaji wa gari mara chache huifikia, na mstari wa tope hubaki hapo, pamoja na harufu ya uvundo. Reli za viti na boliti zake chini ya zulia husema mengi pia.

Kuliendesha ni kwa nusu saa au zaidi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwenye foleni na kwenye barabara ya kasi. Giaboksi za otomatiki, hasa zile za CVT zilizo kwenye magari madogo mengi ya Japani, huweza kuwa nyororo zikiwa baridi na kuanza kutetemeka au kuchelewa kushika zikipata moto, kwa hivyo mzunguko wa dakika tano kuzunguka yadi hauna maana. Kwenye matairi soma tarakimu nne zilizo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Fedha na maandishi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na arubuni ndiyo fedha inayopotea kwa urahisi zaidi. Ilipwe kwenye akaunti ya kampuni na si kwenye simu ya mtu wa mauzo, na risiti iseme wazi kama itarudishwa gari lisipofaulu ukaguzi. Mkataba wa mauzo ubebe nambari ya chesisi, kilomita zilizosomeka siku hiyo, bei, waranti kama ipo na muda wake, pamoja na kila kasoro ambayo muuzaji ameahidi kuirekebisha. Maneno kama "injini haijaguswa" yaliyosemwa kwa mdomo yaombwe kwa maandishi; hata ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko kumbukumbu.

Wauzaji wengi hukuwekea mbele karatasi isemayo kwamba gari limeuzwa lilivyo. Isome kwa makini, lakini isikuvunje moyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtaka mfanyabiashara wa magari auze gari lenye ubora unaokubalika sokoni, na Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji inakataza madai ya uongo kuhusu hali na matumizi ya awali ya bidhaa. Hata hivyo Sura ya 31 ina upande wa pili ambao mnunuzi hana budi kuujua: ukilikagua gari kabla ya kulinunua, huwezi kulalamikia ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa sababu hiyo fundi wako aandike alichokagua na alichoshindwa kukifikia, atie sahihi na tarehe.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake ya eCitizen, nawe ukaukubali kwenye yako. Usiuache kwa ahadi ya "tutafanya wiki ijayo". Sheria ya Trafiki haikuruhusu kulitumia barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuziwa kabla ya kusajiliwa kuwa mmiliki.

Likiharibika

Sindano ya joto ikipanda njiani, tuseme umepita Gedi, zima kiyoyozi, washa joto la ndani kwa nguvu zote, tafuta mahali salama usimame, na uzime injini. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Mvuke wake umewaunguza wengi nyuso na mikono. Kuendelea "nifike tu nyumbani" ndiko kunakoigeuza rejeta iliyovuja kuwa injini iliyokufa.

Kasoro ikiwa ni ya muuzaji, gari lisifunguliwe na fundi yeyote kabla hujamwarifu, maana jibu lake la kwanza litakuwa kwamba fundi wako ndiye aliyeharibu. Piga picha na video, andika kilomita, na umtumie barua siku hiyohiyo ukieleza kasoro, ukiambatanisha mkataba, na ukisema unachodai: atengeneze, arudishe fedha, au alipe gharama. Mpe muda unaotajwa kwa tarehe. Siku saba zinatosha. Ikibidi fundi afungue injini baada ya hapo, ahifadhi vipuri vyote vilivyotolewa na akuandikie ripoti.

Asipojibu, malalamiko ya watumiaji hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kwa fidia yenyewe kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Gari likiwa limekugharimu zaidi ya kiwango hicho, unaweza bado kupeleka huko dai la gharama ya matengenezo peke yake ikiwa haifiki milioni moja, na kwa giaboksi au gasketi iliyoungua mara nyingi haifiki.