Kabla ya kupuliza esketamini puani: mambo ya kuzingatia

Ketamini ni mwenyeji katika vyumba vya upasuaji vya Afrika Mashariki. Ni nusu kaputi inayotegemewa hata pasipo na mashine ya gesi, kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Ndani yake mna molekuli za aina mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Esketamini ni mkono mmojawapo. Machi 2019 Marekani iliiruhusu, kwa jina la Spravato, ipulizwe puani kwa watu wazima wenye sonona isiyosikia dawa za kawaida. Hupulizwa kituoni tu, mbele ya mhudumu wa afya, haipelekwi nyumbani.

Anayejiandaa aanze kwa kujua dawa inakwenda kufanya nini kichwani, maana masharti karibu yote yanatoka hapo. Dawa nyingi za nusu kaputi huzimisha ubongo taratibu: mawimbi kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, huwa mapana na ya polepole. Esketamini haifuati njia hiyo. Huziba vipokezi vya NMDA, milango ya seli za neva inayopokea kemikali ya kuchochea iitwayo glutameti, na maelezo yanayotajwa sana ni kwamba huanza na zile seli za neva zenye kazi ya kufunga breki. Breki zikilegea, glutameti humwagika kwa wingi kwenye gamba la ubongo. Kwenye EEG mawimbi ya alfa hupungua na yale ya kasi, ya gama, huongezeka. Ubongo uko macho, ila sehemu zake haziwasiliani kama ilivyo kawaida. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa macho wazi, akakuitikia, huku akihisi anaelea au mikono si yake. Hali hiyo hupanda hadi kileleni kama dakika 40 baada ya kupuliza, na kwa wengi huisha ndani ya saa moja na nusu. Aelezwe haya mapema, kwa maneno mepesi. Asiyeambiwa hudhani anarukwa na akili, na hofu hiyo huongeza presha ambayo tayari inapanda.

Presha ndiyo inayostahili umakini mkubwa kuliko yote. Ipimwe kabla, ikiwa imezidi 140/90, daktari afikirie kwanza kama dozi isubiri. Ipimwe tena dakika ya 40, kisha kila inapohitajika mpaka ishuke. Aliyewahi kuvuja damu ndani ya ubongo, au mwenye mshipa wa damu uliotutumka, asipewe kabisa: ukuta dhaifu wa mshipa unaweza kupasuka presha ikiruka. Taja dawa zote unazotumia. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, pamoja na pombe, huzidisha kusinzia. Mjamzito na anayenyonyesha waseme kabla.

Chakula kikome saa 2 kabla ya kupuliza, na vinywaji nusu saa kabla, kwa kuwa kichefuchefu na kutapika hutokea mara kwa mara. Anayepuliza dawa ya kufungua pua au steroidi ya puani aimalize saa 1 kabla.

Kifaa kimoja kina miligramu 28 katika mipulizo miwili, mmoja kila tundu. Dozi ya 56 ni vifaa viwili, ya 84 ni vitatu. Kosa linalouma ni kukijaribu hewani kama vipulizio vingine: miligramu 14 zimepotea, na hazirudi. Mgonjwa apenge kamasi mara moja tu, kabla ya kifaa cha kwanza. Aegemee nyuma kwa nyuzi 45, aingize ncha mpaka kishikizo kiguse ngozi kati ya matundu, azibe tundu la pili, avute pumzi huku akisukuma hadi mwisho, kisha anuse taratibu. Akivuta kwa nguvu, au kichwa kikiwa wima, dawa huteremka kooni au hutiririka nje badala ya kubaki kwenye utando wa pua. Uchungu kidogo kooni ni kawaida. Ikidondoka, afute kwa tishu bila kupenga. Vidoti viwili vya kijani kwenye kifaa humaliza ubishi: kimoja kikibaki, tundu la pili bado, vikiisha vyote, kifaa kimekwisha. Apumzike dakika 5 kabla ya kifaa kinachofuata.

Chumba kiwe na mwanga hafifu na kimya, choo kiwe karibu, na mtu wa kumshika mkono akisimama, kwa sababu kizunguzungu huangusha watu. Akae chini ya uangalizi kwa muda wa saa 2 nzima hata akisema yuko sawa. Kusinzia kunaweza kuchelewa kuja. Msindikizaji apangwe tangu jana yake. Gari, pikipiki na mashine viguswe kesho, baada ya kulala usingizi wa kutosha. Na kwa kuwa wiki 4 za kwanza ni mara 2 kwa wiki, ruhusa ya kazini na nauli za watu wawili zihesabiwe kwa siku 8, si kwa siku moja.