Pikapu ya kubebea kempa: tairi moja au tairi pacha nyuma? Anza na mizani

Huku jimbo la Washington, baridi ikianza tu kupungua, maswali ya kempa huanza. Kempa ninayozungumzia ni kile chumba cha kulala kinachopandishwa mgongoni mwa pikapu, chenye kitanda, jiko na choo, kisha kinashushwa mkirudi nyumbani. Pikapu ya tairi pacha ni ile yenye tairi mbili kila upande nyuma; ya tairi moja ina moja tu kila upande. Wa karibuni kuniuliza ni shemeji yangu. Alikuwa ameshaipenda kempa moja kubwa, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba pikapu ya daraja la 2500, lililo chini ya 3500 kwa uwezo wa kubeba, itaibeba bila shida. Mimi nafanya kazi ya tairi, na tairi za nyuma za pikapu zilizobeba kempa nimezifungua nyingi. Nikamwomba asiweke sahihi kwanza. Tulikaa na karatasi na kikokotoo, na hatua zinazofuata ndizo tulizopitia, nimezipanga ili na wengine wazitumie.

Hatua ya 1: Chagua kempa kabla ya gari

Watu wengi hununua pikapu kwanza halafu wanatafuta kempa ya kuiweka. Geuza mpango huo. Kama gari tayari unalo, basi uzito wake ndio utakaokuchagulia kempa, na uwe tayari kukubali ndogo.

Hatua ya 2: Tafuta uzito wa kweli wa kempa

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Usiharakishe.

Uzito unaoandikwa kwenye tangazo ni wa kempa tupu. Mara nyingi haumo uzito wa maji, gesi, betri za ziada, kiyoyozi cha juu, turubai la kivuli la pembeni, wala jenereta. Na karibu kila kempa inayouzwa ina vitu hivyo, kwa sababu bila hivyo haiuziki. Ndani ya kempa kuna kibandiko cha mtengenezaji kinachoonyesha uzito wake ikiwa na vifaa vya kawaida na maji. Kisome hicho, uachane na tangazo, kisha uongeze vyote ambavyo kibandiko hakikuvihesabu.

Tuchukue mfano wa kempa ambayo tangazo linasema ina kilo 1,400:

Maji safi lita 150 ni kilo 150, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiona tangi limeandikwa kwa galoni za Marekani, zidisha kwa 3.8 upate lita. Mitungi miwili ya gesi ya kawaida ikijaa ni kama kilo 34. Betri mbili za risasi, kilo 50 na ushei. Kiyoyozi, turubai na jenereta ndogo, weka 120. Minyororo, vyuma vya kufungia na vifaa vyake, 40. Sufuria, chakula, nguo, viti vya nje, vifaa vya kuvulia samaki na mashuka, weka 150, na ukiwa na mtu anayependa kupika weka zaidi. Familia ya watu wazima wawili na watoto wawili wakubwa, 220.

Jumla inapita kilo 2,150. Yaani kempa "ya kilo 1,400" imeongeza zaidi ya kilo 750, na hakuna aliyefanya anasa yoyote. Shemeji alibishana nami kwenye maji. Akasema atasafiri na tangi tupu na kujaza akifika. Inawezekana ukiwa unakwenda kambi yenye bomba. Lakini raha yote ya kempa ni kulala msituni au jangwani ambako hakuna bomba, kwa hiyo maji utayabeba. Yahesabu. Yapo pia matangi ya maji machafu, ambayo hujaa kadiri lile la maji safi linavyopungua. Usiyahesabu mara mbili, lakini kumbuka kwamba uzito haukuondoka garini, umehama tu tangi.

Kama kempa ni ya mkononi na muuzaji bado anayo juu ya gari, mwombe mwende pamoja kwenye mizani. Wenzetu waliozoea mizani ya Mariakani au Mlolongo kule Kenya wanaijua kama mahali pa foleni na faini. Huku ni huduma unayojinunulia. Kwenye vituo vikubwa vya malori utakuta mizani ya CAT Scale, iliyogawanywa vipande, ili kila ekseli ipimwe peke yake. Tairi za mbele ziwe kwenye kipande cha kwanza, za nyuma kwenye cha pili. Bonyeza kitufe, sema ni gari binafsi, halafu chukua karatasi yako. Kisha shusheni kempa, mrudi na gari tupu likiwa na kiasi kilekile cha mafuta na watu walewale. Kipimo cha pili ndani ya saa 24 ni cha bei nafuu. Tofauti ya karatasi mbili ndiyo uzito wa kempa, na hauna mjadala.

Angalia pia uzito ulikoangukia. Kempa huwa na alama ubavuni inayoonyesha kitovu cha uzito wake, na alama hiyo lazima ikae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ikiangukia nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi kwa sababu mbele ya gari inanyanyuliwa, na hapo idadi ya tairi haikusaidii. Hilo hutokea hasa kwa kempa ndefu iliyowekwa kwenye pikapu yenye bodi fupi.

Hatua ya 3: Soma fremu ya mlango wa dereva

Fungua mlango, utaona kibandiko cheupe chenye rangi ya njano kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja, kwa kilo na kwa pauni. Namba hiyo ni ya gari hilo hilo mbele yako, si ya modeli nzima. Pikapu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana kwa mamia ya kilo, kwa sababu moja ina dizeli, milango minne na nguvu ya magurudumu yote, na nyingine haina. Gari lililo zito kwa vifaa vyake lenyewe linabakiwa na nafasi ndogo ya mzigo wako.

Kibandiko hicho ni cha lazima kwa magari ambayo uzito wao wa juu pamoja na mzigo, GVWR, hauzidi pauni 10,000, yaani kilo 4,536. Pikapu nyingi za tairi pacha zinavuka hapo, kwa hiyo usishangae ukikikosa. Basi chukua GVWR iliyoandikwa mlangoni, toa uzito wa gari tupu uliopima mwenyewe kwenye mizani, na kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba.

Kwa makadirio ya kuanzia: pikapu ya daraja la 2500 au F-250 yenye dizeli wakati mwingine haifiki hata kilo 1,200 za mzigo. Daraja la 3500 au F-350 yenye tairi moja kila upande huwa kati ya 1,500 na 2,000. F-350, Ram 3500 na Silverado 3500HD za tairi pacha mara nyingi hupita 2,200. Irudie ile jumla ya kilo 2,150 uone inaangukia wapi.

Na hapa nina msimamo. Kwa kempa, ningechukua injini ya petroli kabla ya dizeli, mradi huvuti trela zito nyuma. Dizeli inapendeza mlimani, lakini uzito wake unakula mzigo wako, na bei yake ni kubwa tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Hesabu uwezo wa tairi zenyewe

Wauzaji hawaigusi hatua hii, na ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote kwa nini tairi pacha zipo.

Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 126/123. Ya kwanza ni ya tairi ikiwa peke yake, ya pili ni ikiwa pacha. Namba 126 maana yake kilo 1,700. Kwa hiyo tairi mbili za LT275/65R20 nyuma zinabeba kilo 3,400 zikiwa na upepo wao kamili. Tairi za LT235/80R17 zinazofungwa kwenye pacha ni ndogo, 120/117, na 117 ni kilo 1,285. Lakini ziko nne: kilo 5,140.

Sasa weka mzigo. Ekseli ya nyuma ya pikapu tupu ya tairi moja inabeba kama kilo 1,400. Karibu uzito wote wa kempa unaangukia hapo. Kempa ya kilo 1,900 inakufikisha 3,300, na zimebaki kilo 100 tu kabla ya tairi kufika mwisho wake. Siku ya jua kali, upepo ukiwa umepungua kidogo bila wewe kujua, tairi hiyo inapata joto na kupasuka. Kwenye pacha, hata ekseli ikiwa nzito zaidi yenyewe, bado una zaidi ya tani moja na nusu ya akiba.

Tairi moja ya pacha ikipasuka, mwenzake anakushikilia mpaka ufike pembeni salama. Haikupi ruhusa ya kuendelea na safari, kwa sababu hiyo iliyobaki imebeba mzigo wa mbili. Simama.

Watakuambia mabegi ya hewa au springi za kuongezea zitamaliza tatizo. Mimi mwenyewe nazipenda, zinainua mkia wa gari na kupunguza kuyumba kwenye kona. Haziongezi hata kilo moja kwenye GVWR wala kwenye tairi. Wapo wanaohamia rimu za inchi 19.5, ambako tairi ya 225/70R19.5 hubeba kilo 1,800. Ni kazi nzuri, lakini ekseli, breki na kibandiko cha mlangoni vinabaki vilevile.

Hatua ya 5: Fikiria unakokwenda na unakoegesha

F-350 ya tairi moja ina upana wa inchi 80, ya pacha inchi 96, yaani sentimita 203 kwa 244. Kama pikapu hiyo hiyo ndiyo ya kwenda kazini, dukani na kanisani au msikitini, hizo sentimita 41 utazikuta kila siku kwenye maegesho.

Kwenye theluji na matope pikapu ya pacha ikiwa tupu hushika vibaya zaidi, kwa sababu uzito umetawanywa kwenye tairi nne. Kempa ikiwa juu, hali hubadilika. Kwenye njia za changarawe, mawe hukwama katikati ya tairi mbili, kama yanavyokwama kwenye Canter za nyumbani. Kagua kila mnaposimama na uyatoe kabla hayajakata ubavu wa tairi. Na kama mwajiandaa kuvuka milima ya Washington kati ya tarehe 1 Novemba na 1 Aprili, gari lolote lenye GVWR ya zaidi ya pauni 10,000 linatakiwa kubeba minyororo ya theluji kwenye barabara zilizotajwa. Sheria hiyo inawagusa wa tairi moja pia, pikapu nyingi za 3500 zimo.

Hatua ya 6: Pima miguu ya kempa

Kempa hupandishwa kwa miguu minne, na gari linarudi nyuma kati yake. Pacha ina mabawa mapana, kwa hiyo miguu ya mbele lazima iwe na mikono inayofunguka nje. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 7: Amua

Jumla yako ikiwa chini ya kilo 1,500, chukua tairi moja. Utafurahia gari jembamba na tairi nne za kununua badala ya sita. Kempa zinazokunjwa paa, kama zile za Four Wheel Campers, ziko salama kabisa humu. Kati ya 1,500 na 1,900, kibandiko cha mlangoni ndicho kiamue, na kikikuacha na akiba ya chini ya kilo 150, nenda pacha. Zaidi ya 1,900 sioni sababu ya kubishana: pacha. Shemeji alikuwa na 2,150. Aliiacha ile 2500, akatafuta 3500 ya tairi pacha, ya petroli na ya mkononi.

Hatua ya 8: Safari ya kwanza

Pandisha kempa, jaza maji na gesi, wakae watu wote, halafu rudi mizani. Linganisha kila ekseli na GAWR, yaani uzito wa juu wa ekseli hiyo, iliyoandikwa mlangoni, si jumla peke yake. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Kwenye pacha, tairi ya ndani ndiyo inayosahaulika kwa kuwa nozeli yake haifikiki kwa mkono. Nunua nozeli ndefu za chuma na kipimo chenye kichwa cha pande mbili, na usikubali zile za mpira zinazonyumbuka, zinavuja. Tairi mbili za upande mmoja ziwe na kimo sawa. Ukifunga mpya pamoja na iliyochakaa, mpya ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukishafunga rimu upya, endesha kilomita 80 hadi 160, simama, kaza nati tena kwa spana ya kupima nguvu, kwa namba ya kitabu cha gari lako.