Programu ya Java inakufa ikisoma faili? Itazame laini kwanza

Kijana mmoja wa hapa Kirumba aliniletea laptopu yake. Ameandika programu ya kujumlisha mauzo ya mama yake, anayeuza samaki mwaloni. Kila laini ya faili lake, samaki.txt, ina aina, kilo na bei ya kilo:

sangara,42.5,9000
sato,18,12000

Inasoma laini mbili, ya tatu inakufa. Alishaifuta na kuiandika upya mara mbili, bure, maana uchafu ulikuwa kwenye faili.

Hatua ya 1: faili ipo? Ukiona FileNotFoundException, chapisha `new File("samaki.txt").getAbsolutePath()` ujue inatafutwa wapi. Windows huficha mkia wa jina, kwa hiyo hakikisha hukuhifadhi samaki.txt.txt.

Hatua ya 2: soma kosa. Maandishi mekundu ni mengi, ila yanayokuhusu ni mawili: laini ya juu kabisa, na ile ya kwanza chini yake yenye jina la faili lako, mfano Mauzo.java:14. Yake ilisema:

NumberFormatException: For input string: "9500 "

Angalia alama ya kufunga nukuu ilipo. Kati yake na sifuri kuna nafasi. Kijana aliisoma weee, asiione. `Integer.parseInt` (hugeuza maandishi kuwa namba nzima) haivumilii nafasi hata moja, `Double.parseDouble` (ya namba zenye nukta) huzikata yenyewe, ndiyo maana kwenye kilo hakusumbuliwa.

Hatua ya 3: zungushia laini mabano kabla ya kuikata kwenye koma (`n` ni namba ya laini):

`System.out.println(n + " [" + laini + "]");`

Sasa nafasi ya mwishoni haina pa kujificha. Tiba yake ni `Integer.parseInt(v[2].trim())`; `v` ni vipande vya laini iliyokatwa, vinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo `v[2]` ni bei.

Tukaiendesha tena. Safari hii: Index 1 out of bounds for length 1, na juu yake kwenye skrini `5 []`. Alibonyeza Enter mara mbili mwisho wa faili. Laini tupu ukiikata kwa `split(",")` unapata kipande kimoja kitupu, kwa hiyo `v[1]` haipo. Weka `if (laini.isBlank()) continue;` (Java 11 kwenda mbele). Kuna aliyemshauri afunike yote kwa `catch` tupu, inayomeza kosa kimya. Usithubutu, utabaki na jumla ya uongo, na hutajua.

Hatua ya 4: hesabu vipande. Programu ikamaliza, kijana akashangilia. Nikamwambia subiri, laini ya nne hii hapa:

dagaa,7,5,4000

Alikusudia kilo 7.5, akaandika koma. Java haikulalamika: ikachukua 7 kama kilo, 5 kama bei. Dagaa wa shilingi 30,000 wakauzwa kwa 35! Ongeza hii, chini ya ile ya laini tupu na ile ya `split`:

`if (v.length != 3) { System.out.println("Kagua laini " + n); continue; }`

Ikachapisha "Kagua laini 4". Akaweka nukta mwenyewe.