SOMO: Kushuka maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills, ukitokea Mombasa

Kila sikukuu ikikaribia naulizwa swali lile lile: "Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama ya Kwale, huendwaje?" Nimeyaweka yote hapa. Tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

1. Lipa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kabla ya kutoka nyumbani. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawapokei pesa taslimu langoni. Beba kitambulisho, kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni.

2. Vuka feri ya Likoni alfajiri. Mwenye gari anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu, bila feri. Kwa vyovyote, unakata kona Kombani na kupanda Kwale.

3. Uwe na gari. Matatu ya Likoni itakufikisha Kwale mjini, boda itakufikisha langoni, basi. Ndani kuna ndovu na nyati, hakuna kujitembelea, na njia ya maporomoko inaanzia Elephant Hill, mbali na lango. Changeni mkodi gari, na mpatane na dereva mapema kwamba atawangoja mpaka mrudi juu.

4. Omba askari wa KWS. Yeye mbele, nyinyi nyuma.

5. Nguo. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Shimba Hills kuna mbung'o, wale nzi wanaouma, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa mtu anakuja na jinzi ya buluu na fulana nyeusi! Jinzi haikukingi, mbung'o anaichoma akapita, na uchungu wake si wa mbu. Vaa kaki au rangi ya udongo, suruali ndefu pana, mikono mirefu. Usitegemee dawa ya kupaka ya mbu peke yake. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, kwa hivyo gari likiwa mwendoni fungeni vioo, hata kama kuna joto. Akiingia, muueni kwanza ndipo muendelee na hadithi.

6. Maji lita mbili kila mtu, kwenye chupa ya kudumu. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku hifadhini tangu 5 Juni 2020.

7. Kushuka ni kama kilomita mbili, kivulini, mizizi imekatiza njia na majani yaliyolowa yanateleza. Sauti ya maji utaisikia kabla hujayaona, kisha yanatokea, yanaanguka mita 21. Ila kila hatua uliyoshuka utaipanda, jua limeshawaka na hewa ni nzito. Bakisha nusu ya maji yako kwa kupanda. Mwenye magoti mabovu abaki juu Elephant Hill, mandhari ya pale pia yanatosha.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Bro, naweza kuja na boda yangu niingie nayo?
— Hatua ya 3.

Kijana wa Kisauni: Sasa nikiongea na askari vizuri?
— Hapana. Ndovu haongeleki. Tafuta wenzako mkodi gari.

Binti Likoni: Shukran kaka. Mamangu anahofia malale, ugonjwa wa usingizi, kwa sababu ya hao mbung'o.
— Mpe salamu, na swali lake ni zuri. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Wanaoumia zaidi ni ng'ombe, kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o. Avae kaki tu, na aje.

Wa Changamwe: Kuna ile ya kuteleza kwa waya juu ya miti?
— Hiyo ni Kereita, Kiambu, msitu wa milimani. Panda treni ya SGR mpaka Nairobi kisha uendelee, na ubebe sweta. Shimba ni kwa miguu.

Mzee wa Bamburi: Mwanangu, palahala bado wapo?
— Wapo mzee wangu, swala hao wakubwa, na nchini Kenya hawapatikani porini kwingine. Dume ni mweusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi nyuma. Jike ni wa hudhurungi. Watafute asubuhi kwenye nyika za majani, si ndani ya msitu. Ndovu ndio walizidi, mwaka 2005 wapatao 150 wakahamishwa Tsavo Mashariki.

Mzee wa Bamburi: Na maji ya Marere hutoka huko huko?
— Huko huko. Chemchemi za Marere zimo hifadhini, na maji yake hufika mpaka Mombasa. Huo msitu ndio unaotunywesha.

Binti Likoni: Chakula je?
— Mahamri na mbaazi kavu kwenye chombo chenye kifuniko. Usiache kitu wazi, nyani hawana simile. Maganda na mifuko mrudi nayo.

Shaa wa Mtwapa: Tunatoka saa tano asubuhi, tutawahi?
— Mtakuta jua la utosi mkipanda. Tokeni alfajiri, au muweke siku nyingine.