Kero ya usiku mtaani: anza na daftari

Kwa miezi minne nilipiga simu kituoni kusema neno lile lile: "Vijana wa pale kwenye ngazi wametuchosha." Askari alinisikiliza, akaandika, na usiku ukaja na kelele zake. Mambo yalisogea siku niliyokwenda na daftari.

Kila tukio lipe mstari wake: tarehe, saa lilipoanza na lilipoisha, mahali hasa, kilichotendeka, na lilivyokuathiri. Langu linasomeka hivi: "Ijumaa, saa 5:40 usiku hadi 7:15. Ngazi ya nyuma, chini ya taa iliyoungua. Watu sita au saba, muziki, chupa mbili zimevunjwa. Mtoto ameamka mara mbili." Usiandike "wahuni". Usiandike "wanavuta bangi" kama hukuiona. Na usiwafuate na kamera ya simu. Utachokoza ugomvi bure. Mtu akipigwa au kutishiwa, daftari lisubiri, piga namba ya dharura hapo hapo.

Baada ya wiki tatu, lisome lote kwa mkupuo. Kati ya matukio yangu 11, tisa yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, yote palepale penye giza. Mwaka 1979 Herman Goldstein, profesa wa sheria Marekani, aliwahimiza polisi waache kukimbizana na tukio mojamoja, wachunguze tatizo linaloyazaa. Ndicho kilichotokea kwetu. Askari wa eneo alipofunua kurasa zile aliniuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa: "Hii taa ni ya nani?" Ilikuwa ya mwenye jengo, naye akaibadilisha. Doria ikaanza kupita Ijumaa saa tano na nusu. Askari akazungumza na vijana, na kumbe wawili ni wa ghorofa ya tatu, hawakujua kwamba mtoto analala juu ya vichwa vyao. Hilo liliniuma, maana ningeweza kuwaambia mchana, kwa upole, tangu mwanzo.

Majirani nao waandike, kila mmoja la kwake, bila kunakiliana. Ukiripoti, usiondoke bila namba ya taarifa, jina la askari na siku atakayokurudia. Siku hiyo ikipita, mfuate.

Mambo yakitulia, endelea kuandika angalau mwezi mmoja. Usiku usio na kelele nao uupe mstari: "Jumamosi, kimya." Bila mistari hiyo, askari hana namna ya kujua kama taa ile imesaidia.