Namna ya kufuatilia maisha ya nyambizi moja ya nyuklia, toka mkuku mpaka kustaafu

Wakuu, wengi wakitaka kujua habari za nyambizi wanakimbilia urefu, spidi na torpido ngapi inabeba, wakishapata hizo namba wanafunga ukurasa. Hizo ni sifa za ukoo mzima. Nyambizi za aina ya Los Angeles za Marekani zilijengwa 62, na kwenye karatasi zinafanana kama wanafunzi waliovaa sare moja. Ila kila moja ina maisha yake: ilikokaa, iliyoumia, iliyofanya kazi ambayo mpaka leo haisemwi, na ukitaka kuyajua inabidi ufuate chombo kimoja tu, mwaka kwa mwaka. Ntatumia USS San Francisco kama mfano maana nimekaa nayo muda mrefu na kwa kweli inanigusa.

Chukua kaunta buku, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto mwaka, kulia chombo kilikuwa wapi na kinafanya nini. Usianze kujaza hadithi kwanza, anza na miaka tu, iache mitupu.

Cha kwanza kabisa ni namba, jina baadae. Majina ya meli za kivita yanarithiwa kama majina ya babu. Kuna San Francisco nyingine, ile meli kubwa ya mizinga iliyopigana Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, Novemba 1942, na ukitafuta kwa jina peke yake utajikuta umechanganya babu na mjukuu. Ya kwetu ni SSN-711. Hizo herufi zinakwambia ni nyambizi ya mashambulizi, yaani kazi yake kuwinda nyambizi na meli za adui, na inaendeshwa na kinu cha nyuklia. Ukiona SSBN hio ni nyingine, ndio zile zinazobeba makombora makubwa ya masafa marefu. Na hapa watu wanakosea sana, wakisikia nyuklia wanadhani ni bomu, kumbe kwenye SSN neno nyuklia linaongelea injini.

Alafu tafuta tarehe tatu za mwanzo, maana kila chombo kinazo: kuwekwa mkuku (ule uti wa mgongo wa chombo, yaani ujenzi unaanza), kushushwa majini, na kukabidhiwa rasmi jeshini. San Francisco iliwekwa mkuku 26 Mei 1977 pale Newport News, Virginia, ikashushwa majini 27 Oktoba 1979, ikaanza utumishi 24 Aprili 1981. Miaka ya utumishi inahesabiwa kuanzia hio ya tatu. Ukikuta mtu kaandika umri usioeleweka, mara nyingi kahesabu toka iliposhushwa majini. Tarehe hizi na makao ya chombo unazipata kwenye rejista rasmi ya meli ya jeshi la majini la Marekani na kwenye idara yao ya historia, zote ziko wazi mtandaoni bure.

Baada ya hapo fuata bandari ya nyumbani. Nyambizi haisemi inakwenda wapi, lakini familia za mabaharia zinahama, watoto wanahama shule, kwa hiyo kubadilisha bandari hakufichiki na hutangazwa. San Francisco ilikaa Pearl Harbor, Hawaii, miaka mingi, ikaja kuhamia Guam, kisiwa cha Marekani huko Pasifiki, 2002. Kabla ya Guam ilikuwa gereji, ikifanyiwa ukarabati mkubwa na kuwekewa fueli mpya kwenye kinu. Andika hilo kwa kalamu nyekundu, utaona mbele kwanini.

Sasa mapengo. Ukimaliza kujaza unayoyajua utabaki na miezi, pengine mwaka mzima, mistari iko mitupu, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa wakati ndo pametamu. Pengo refu bila habari zozote na chombo kimeonekana gatini kwenye picha, hio ni gereji. Pengo la miezi sita hivi likafuatiwa na sherehe ya mapokezi bandarini, hio ilikuwa safari. Na pengo likifuatiwa na nishani kubwa ambayo maelezo yake hayasemi kitu, jua kuna kazi ya siri. Nyambizi ya Marekani iitwayo Parche ilipewa tuzo ya juu kabisa ya kikosi inayotolewa na rais mara tisa, na kwa miaka mingi huwezi kusoma popote ilifanya nini kuzipata. Nishani zinasema pale midomo imefungwa, kwa hiyo zipe safu yake.

Daftari za zamu nazo zipo, yale mabuku wanayoandika kila zamu, ila usitegemee miujiza. Za Marekani hukaa jeshini miaka kama 30 ndo zipelekwe hifadhi ya taifa ya nyaraka. Na wakati mwingine daftari lenyewe halipo. Nyambizi Conqueror ya Uingereza iliizamisha meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, tarehe 2 Mei 1982 na watu 323 wakafa, alafu daftari la chumba chake cha uongozi la kipindi kile likaja kutafutwa halionekani. Tukio lililoua watu wote hao! Kwa hiyo ukikuta pengo usilizibe kwa kukisia, liache wazi.

Tukio kubwa likitokea kwenye maisha ya chombo, hapo simama, ripoti ya uchunguzi isome yote hata kama ni ndefu. Kwa San Francisco ni tarehe 8 Januari 2005. Ilikuwa imetoka Guam inaelekea Brisbane, Australia, iko kina cha kama mita 160, spidi zaidi ya noti 30, yaani zaidi ya kilomita 55 kwa saa, karibu na saa sita mchana, ikajipigiza kwenye mlima ulio chini ya bahari. Ilisimama karibu papo hapo. Watu wakarushwa mbele kama mizigo kwenye lori lililofunga breki, kati ya 137 waliokuwemo 98 wakaumia, na fundi mmoja wa mitambo akafa kesho yake kwa majeraha ya kichwa. Omo yote, yaani pua ya chombo, ilipondeka, matenki ya mbele yanayosaidia kuelea yakapasuka, wakafungulia hewa iliyobanwa ili chombo kielee nacho kikachelewa kuanza kupanda, fikiria hizo sekunde. Lakini ganda la ndani walimokuwa watu lilihimili na kinu hakikudhurika, wakarudi Guam wenyewe juu ya maji.

Sababu? Ramani waliyokuwa wanatumia haikuonyesha mlima. Ila ramani nyingine zilizokuwemo humo humo chomboni zilikuwa na alama ya hatari eneo lile, na hazikuwa zimehamishiwa kwenye ile ya kazi. Kapteni alivuliwa ukapteni. Hii inaniuma kila nikiisoma, maana ilikuwa kazi ya penseli tu.

Rudi sasa kwenye ile kalamu nyekundu. Chombo kimepondeka hivyo, kwanini hakikutupwa? Kwa sababu kinu chake kilikuwa na fueli mpya. Wakati huo Honolulu, SSN-718, ya ukoo ule ule na changa kwa miaka minne, ilikuwa inakaribia kuhitaji fueli na gharama ya kuiwekea ilikuwa kubwa kuliko kumtengeneza mwenzake. Basi mafundi wa karakana ya jeshi la majini ya Puget Sound, kule Bremerton, jimbo la Washington, wakaikata Honolulu omo yake, wakaichomelea San Francisco, kazi iliyogharimu kama dola milioni 79 na kumalizika 2008. Honolulu ndo ile iliyopigwa picha 2003 na dubu weupe watatu wanaikagua kwenye barafu ya kaskazini, kama ushawahi kuiona.

Kwa hiyo ukifika hapa fungua ukurasa wa pili wa kaunta buku kwa ajili ya Honolulu. Vyombo hivi vinaachiana viungo, na historia ya kimoja isiposomwa na ya mwenzake inakuwa nusu.

Mwisho wa utumishi pia una aina zake, usiandike "ilistaafu" ukaacha. Nyingi huishia hapo hapo Bremerton kukatwakatwa, na kile kipande chenye kinu kinafungwa na kusafirishwa kwenda kuzikwa Hanford, eneo la serikali la taka za nyuklia. San Francisco haikwenda huko. Baada ya ukarabati ilihamia San Diego ikaendelea kusafiri, ndo ikapelekwa Norfolk kugeuzwa darasa, na leo imefungwa gatini Charleston, South Carolina, ambapo vijana wanajifunzia kuendesha kinu cha nyuklia. Kwenye mstari wa mwisho mi niliandika hivi: Charleston, darasa, kinu chake mwenyewe, omo ya Honolulu.