Kuitetea Historia ya Mkoa wa Mwanza: Mwananchi Aanzie Wapi

Anayetaka kuitetea historia ya Mwanza na aanze na sheria, kwa kuwa ndiyo itakayomwonyesha kisicho na mlinzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda kwa umri wake majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Ya baadaye husubiri tamko la Waziri. Reli ilifika hapa mwaka 1928, na shirikisho la wakulima wa pamba, ambalo Paul Bomani alikuwa nguzo yake, ni la mwaka 1955. Maghala na ofisi za zama hizo, basi, hayana kinga mpaka mtu ayasemee.

Kuyasemea kunahitaji ushahidi, na ushahidi mwingine umo uvunguni mwa vitanda. Ukifunguliwa sanduku la bati huko Magu au Misungwi, ukakuta stakabadhi za pamba, usiombe kuondoka nazo. Keti na mwenyeji wako, chomoa taratibu pini zilizoshika kutu, piga picha mbele na nyuma ya kila karatasi ukiwa kivulini, kisha andika papo hapo kijiji, tarehe na jina la mwenye mali. Karatasi iliyochanika usiizibe kwa selotepu, wala usiipeleke steshenari ikafungwe kwa plastiki ya moto. Mimi niliharibu moja hivyo, na haikurudi tena.

Mzee mhoji kwa Kisukuma, kama ndicho anachokiota. Usimbane kwa miaka: muulize Uhuru ulimkuta na watoto wangapi, au alikuwa anaishi wapi MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, kisha hesabu mwenyewe.

Kwa nyaraka za serikali, sheria ya mwaka 2002 hufungua kwa wananchi zile zilizotimiza miaka 30. Omba kwa maandishi, ukitaja mada na kipindi.

Ndipo uandike barua ya kuomba tamko, jengo moja kwa barua moja, ukiipitisha kwa ofisa utamaduni wa halmashauri. Ambatisha picha za pande zote nne na ya paa, maana paa ndilo hubadilishwa kwanza. Kabla ya yote hayo, zungumza na mwenye jengo, ambaye mara nyingi hofu yake ni kwamba atanyang'anywa. Akilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza kutoka ofisini, huenda ukakuta nyundo zimekutangulia.